Mwongozo wa Kuendesha Mafunzo ya Usalama Kazini Bila Kumfundisha Mtu

Hongera. Barua imetoka, muhuri umegongwa, na kuanzia Jumatatu wewe ndiye afisa usalama wa kiwanda. Mpaka Ijumaa ulikuwa msaidizi wa stoo. Kikaoni bosi alitazama huku na huku, akaona ni wewe peke yako usiyechezea simu, yakaishia hapo. Nyongeza ya mshahara haipo. Kipo kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, kofia ngumu nyeupe (nyeupe ni ya wakubwa, usimwazime fundi), na agizo la mstari mmoja: wakaguzi wanakuja mwezi ujao, hivyo mafunzo ya usalama yafanyike na ushahidi uwepo.

Agizo hilo lina sehemu mbili, na mtu asiye macho hujimaliza kwenye ile ya kwanza. Utamkuta anazunguka kiwandani na daftari, anawauliza vibarua kinachowaumiza ni nini, anainama chini ya mkanda wa mashine kutazama kava imekwenda wapi. Baada ya siku chache anakuwa amegundua mambo, na mambo yakishagunduliwa hudai fedha. Mwaka hauishi, amerudishwa stoo. Mwongozo huu umeandikwa kumwokoa ndugu wa namna hiyo. Kazi yako ni ile sehemu ya pili: ushahidi.

Anza na sheria, ila kwa kiasi cha kuweza kuitaja tu. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, na wakala wa kuisimamia, OSHA, ulioanzishwa 2001. Kenya wanayo yao ya 2007, na kule mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Ukizipitia kwa haraka utaliona neno mafunzo na kufurahi. Usizisome kwa utulivu, maana utaona kwamba mzigo wa kwanza aliotwishwa mwajiri ni mahali, mitambo na utaratibu wa kazi ulio salama, na mafunzo yamepangwa bega kwa bega na taarifa, maelekezo na usimamizi. Ukiwa na muda wa kupoteza unaweza hata kufika kwenye Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981. Humo imeandikwa kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, na kwamba aliyejitoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini maisha yake yamo hatarini asiadhibiwe. Maneno mazuri sana kwa hotuba ya mgeni rasmi. Vibarua wasiyasikie.

Sasa mahali. Mafunzo yafanyikie ukumbini, na hili halina mjadala. Mtu akiwa ukumbini kwenye kiti cha plastiki huwa mpole. Mbele ya mashine yake hugeuka mwalimu. Ukimfuata fundi wa kuchomelea alipo na kuanza kumsomea "hakikisha kava ya grainda ipo", atakwambia kava ilitolewa mwaka juzi. Ukiuliza kwa nini, atakwambia stoo wanaleta diski za inchi 7 kwa kuwa eti hazimaliziki upesi, na grainda yenyewe ni ya inchi nne na nusu. Diski haiingii mpaka kava itoke. Hapo umeshaingia kwenye hesabu ambayo hukuitafuta. Grainda ndogo ya aina hiyo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 7 imetengenezwa kuhimili takriban 8,500, na kwa kawaida imeandikwa hivyo usoni. Ikizungushwa kupita hapo inaweza kupasuka, na kitu pekee kilichowekwa baina ya vipande vyake na uso wa fundi ni ileile kava. Fundi anayajua haya kukushinda. Alishaomba diski za saizi yake, akaambiwa asubiri. Kwa hiyo hana upungufu wa elimu hata kidogo. Ana upungufu wa diski. Ila diski ziko kwenye bajeti ya manunuzi, na semina iko kwenye bajeti yako. Endelea na semina.

Slaidi zisikusumbue. Intaneti imejaa slaidi za bure za mafunzo ya usalama, na karibu zote zimetengenezewa watu wa mbali. Zichukue zilivyo. Wafanyakazi wa Mbagala watafundishwa kutembea juu ya barafu bila kuteleza, kukwangua theluji kwenye kioo cha foklifti, na kupiga 911 moto ukizuka, ingawa simu ya Zimamoto hapa kwetu ni 114. Hakuna atakayecheka, watadhani ndicho kiwango cha kimataifa. Slaidi 120 zinatosha kwa siku moja. Zisomwe zote kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiingereza, na kila baada ya slaidi kumi mwezeshaji ageuke na kufupisha: "Kwa hiyo hapa wanasema tuwe makini."

Mwezeshaji atoke nje, avae tai, na asiwe amewahi kukanyaga kiwandani. Saa ya kwanza iende kwenye kujitambulisha, ya pili kwenye kuandika "matarajio" na kubandika ukutani. Saa nne ni chai: chapati, sambusa, yai la kuchemsha. Hakikisha karatasi ya mahudhurio imekaa mlangoni mwa chai, jirani na birika, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hupita, akiwemo aliyekuwa hajaingia ukumbini kabisa. Bila chai mahudhurio ni madogo. Bila posho ni madogo zaidi, na sioni haja ya kuwalaumu watu kwa hilo. Mfanyakazi anayelipwa kwa idadi ya mifuko aliyobeba, ukimkalisha kutwa nzima ukumbini umemkata ujira. Mwajiri aliyeshindwa kuliona hilo hawezi kushangaa akiona anasinzia.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yeye mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: sehemu kubwa ya alichokariri bila kurudia ilimtoka ndani ya saa ya kwanza. Alikuwa akikariri silabi zisizo na maana yoyote, jambo linaloufanya mfano wake ukaribiane sana na semina yako. Kwako hii ni habari njema. Chai ikishanyweka, slaidi za asubuhi zitakuwa zimeshaondoka vichwani, na hakuna atakayekuja kudai.

Halafu tathmini. Njia iliyokomaa kuliko zote ni ya kuuliza "Mmeelewa?" na kujibiwa "Tumeelewaaa!" Inachukua sekunde mbili, hakuna anayefeli, na ripotini inaingia kama asilimia mia. Ogopa ile ya kumwita mtu mmoja mmoja ukamwambia, "Njoo hapa, nionyeshe unavyofanya mzigo ukikwama." Tatizo lake ni kwamba mtu huweza kukuonyesha. Atapanda juu ya ndoo, atapitisha mkono chini ya mkanda unaozunguka, atauchomoa mfuko uliokwama kwa ustadi wa miaka mingi, kisha atakutazama akingoja pongezi. Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine kiko nyuma yake, kimezibwa na magunia. Ukishaona hivyo huwezi tena kusema hukuona.

Kuna watu watakushauri mambo ya kufuli. Watakwambia kwamba viwanda vinavyojiheshimu humpa kila fundi kufuli yake mwenyewe: kabla hajaingiza mkono kwenye mashine anazima umeme kwenye swichi kuu, anaipiga kufuli palepale, anatundika kibao chenye jina lake, na ufunguo anautia mfukoni. Mashine haiwezi kuwashwa na mtu mwingine yeyote mpaka yeye amalize kazi, atoke na kufungua. Ni kufuli za kawaida, bei yake sahani mbili tatu za pilau. Lakini fikiria athari zake kwa nidhamu: saa nzima fundi wa zamu ndiye mwenye mamlaka juu ya uzalishaji, na meneja amesimama pale na suti yake hana la kufanya. Wengine wetu tungeona huo ndio mwanzo na mwisho wa somo lote la usalama. Wewe achana nao, wana siasa.

Vibarua usiwaalike. Hawa ni wale wanaosimama getini tangu saa kumi na mbili asubuhi, msimamizi akatoka na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Hawana namba ya kazi wala mkataba, na wanaoitwa leo huenda kesho wasiitwe. Ndio wanaopewa kazi ambazo waajiriwa wamezikataa: kuingia ndani ya tangi kusafisha, kupanda paa la mabati lililooza, kushusha magunia yaliyopangwa hadi darini. Wanaofuatilia mambo haya wanajua siku nyingi kwamba mtu mgeni huumia zaidi katika wiki zake za mwanzo, kabla hajajua kipi kinang'ata. Kibarua wa kutwa yumo kwenye wiki yake ya mwanzo maisha yake yote. Ukifuata mantiki hiyo, dakika kumi za getini kila asubuhi, kwa Kiswahili, za kuwaonyesha watu wapya mashine isiyoguswa, mahali pasipopitwa na mtu wa kumuuliza, zingezidi thamani ya semina yako nzima. Usiifuate. Dakika kumi getini hazina cheti, hazina picha ya pamoja, na mgeni rasmi hawezi kuamka saa kumi na mbili.

Maforemani nao waache waendelee na kazi. Wana shughuli nyingi. Hii ndiyo sehemu ya mwongozo ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa haijawahi kushindwa. Fundisha wafanyakazi 80 kwa siku mbili kwamba mashine husimamishwa kwanza ndipo isafishwe. Siku ya tatu kontena liko getini, dereva anapiga honi, na foremani ambaye hakualikwa anapaza sauti: "Isafishe hivyohivyo, tunachelewa!" Sauti hiyo ndiyo mafunzo. Kila mtu pale amejifunza kwa nukta moja kanuni halisi ya kiwanda, na hataisahau, Ebbinghaus au hakuna Ebbinghaus.

Ukitaka kujua karatasi iliyokamilika inaweza kumfikisha mtu wapi, isome habari ya Piper Alpha. Lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti. Tarehe 6 Julai 1988 mafundi wa zamu ya mchana walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja kwa matengenezo. Kibali cha kazi kilijazwa. Usiku pampu nyingine ikagoma, zamu mpya haikuwa na habari ya ile vali, pampu isiyo na vali ikawashwa. Gesi ilivuja, ikalipuka. Watu 167 walikufa, 61 wakapona. Wengi walikusanyika kwenye jengo la malazi wakingoja maelekezo na helikopta, kama walivyokuwa wamezoeshwa kutarajia. Moshi haukuruhusu helikopta kutua, na maelekezo hayakuja. Miongoni mwa waliopona wengi ni wale walioamua wenyewe kushuka kwa kamba au kuruka baharini. Tume ya Jaji Cullen, katika ripoti yake ya 1990, ilikuta kwamba mafunzo ya kuwapokea wageni jukwaani yalikuwa ya juujuu, na wapo ambao hawakuwahi hata kuonyeshwa boti ya kujiokolea ilipo. Taratibu ziliandikwa, vibali vilijazwa. Faili lilikuwepo.

Zoezi la moto nalo linatakiwa, kwa hiyo tulipange vizuri. Litangazwe wiki moja kabla. Liwe Ijumaa saa tisa, jua limepungua na oda zimekwisha. King'ora kikilia watu watoke polepole wakizungumza, wapitie mlango mkubwa wanaoupitia siku zote, wakusanyike chini ya kibao cha "Mahali pa Kukusanyika", ambapo gari la mkurugenzi limeegeshwa. Mlango wa dharura usijaribiwe. Una kufuli, na ufunguo uko kwa mtu wa ulinzi ambaye zamu yake ni ya usiku. Ukiuliza sababu ya kufuli utaambiwa ni wizi: watu walikuwa wanapitisha bidhaa pale. Sababu hiyo ina umri mrefu. Tarehe 25 Machi 1911 katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa, na mahakamani ilisemwa kwamba ulifungwa ili mafundi cherehani wasitoroke na vitambaa. Moto ulipozuka walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Wenye kiwanda walishtakiwa, na Desemba mwaka uleule wakaachiwa huru. Kwa hiyo kufuli ni salama kabisa, inategemea tu uko upande gani wa mlango.

Mitungi ya kuzimia moto iwepo, imetundikwa, imepakwa rangi mpya. Siku ya zoezi achaguliwe mtu mmoja mwenye mwili mzuri avute pini, aelekeze mpira kwenye kitako cha moto, akandamize, apanguse kulia na kushoto, na wengine wote warekodi kwa simu. Asipewe mwingine, kujaza mtungi upya ni gharama. Ndivyo tunavyopata viwanda vyenye mitungi 40 na mtu mmoja aliyewahi kuvuta pini, naye yuko likizo. Mtungi wa kawaida wa unga wa kilo 6 hautoi hata nusu dakika. Muda huo ndio mtu anayeushika kwa mara ya kwanza huutumia kusoma maandishi.

Kwa upande wa mifano mibaya, jihadhari na mtu kama Rick Rescorla. Alikuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya fedha ya Morgan Stanley katika jengo la kusini la World Trade Center, New York. Baada ya bomu la 1993 pale, alianza kuwatoa watu ofisini na kuwashusha ngazi wawili wawili, mwaka baada ya mwaka, wakubwa kwa wadogo, simu zao za biashara zikikatwa katikati. Walinung'unika sana. Tarehe 11 Septemba 2001 jengo jirani lilipopigwa, wafanyakazi wa kampuni hiyo wapatao 2,700 walishuka kwa ngazi walizokuwa wamezizoea miguuni, na karibu wote wakatoka. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, jengo likamwangukia. Mtu wa aina hii hapendwi kazini, na ukiwa naye inabidi umlipe mshahara wa kutosha kumfanya abaki.

Vifaa kinga ndivyo vinavyopendeza pichani, kwa hiyo vitumie kwa wingi kwenye mabango. Nunua buti za saizi moja, 9. Wenye 7 watavaa soksi mbili, wenye 11 watakanyaga visigino. Wagawie watu wa drili glovu nene za kitambaa, bila kumsikiliza fundi mzee anayesema glovu mbele ya kitu kinachozunguka hunaswa na kuuvuta mkono mzima. Watu wa saruji wape barakoa ya kitambaa ile iliyobaki wakati wa korona. Vumbi laini litapita humo bila kubisha hodi. Kofia nzuri zifungiwe ofisini, ni za wageni.

Katika taaluma yenyewe vifaa hivi vimewekwa ngazi ya mwisho. Kwanza unaiondoa hatari yenyewe ikiwezekana; ikishindikana unabadilisha kitu kwa kingine chenye madhara madogo; kisha unaizuia kwa kava, uzio, feni ya kufyonza vumbi; baadaye ndipo yanakuja maelekezo, mafunzo na mabango; na mwisho kabisa, kwa kilichobaki, kofia na glovu. Sisi tumeigeuza ngazi juu chini na kuanza na kofia, maana kofia inaonekana na inanunulika kwa risiti moja. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Hakuna mafunzo ya kuvaa kofia yanayoshikilia ghorofa.

Aprili 28 ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Fulana, maandamano, bendi, keki. Hiyo haihitaji mwongozo wangu, tunaiweza.

Getini weka ubao mkubwa: "Siku Bila Ajali", na namba ya kubadilishwa kila asubuhi. Ubao ukifika 100, kila mtu apewe kreti ya soda na kilo tano za mchele. Huu ni uvumbuzi wa hali ya juu, kwa sababu ajali zitakoma mara moja. Aliyekatwa kidole atakifunga kwa kitambaa na kusema alijikata nyumbani akimenya mihogo, wenzake watamsindikiza kwa macho makali asije akawapotezea mchele. Aliyeponea chupuchupu, tofali likapita sentimita chache kutoka sikioni, atacheka na kunyamaza. Na habari za chupuchupu ndizo pekee zinazoweza kukuonya kabla ya msiba, bure. Umezinunua zote kwa soda.

Siku moja, hata hivyo, ubao utarudi sifuri. Usitaharuki, kazi uliyofanya mwaka mzima ilikuwa ya siku hii. Majeruhi akiwa bado njiani kwenda hospitali, wewe nenda kabatini. Toa faili. Chomoa karatasi ya mahudhurio, tafuta jina lake, tazama saini iliyo jirani na alama ya kikombe cha chai. Umeokoka. Andika: "Mhusika alipatiwa mafunzo. Chanzo cha ajali: uzembe wa mhusika." Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utapelekewa nakala, OSHA nakala, familia itapelekewa mwakilishi mwenye ubani. Methali zipo za kutosha kukusaidia: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ikionekana mkuu mwenyewe hakusema lolote, basi ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika.

Ukiulizwa takwimu, mtaje Herbert Heinrich, Mmarekani wa kampuni ya bima, aliyechapisha kitabu mwaka 1931 akidai kwamba ajali 88 katika kila 100 hutokana na vitendo vya hatari vya wafanyakazi wenyewe. Namba hiyo bado inazunguka kwenye semina, na huenda ikawemo kwenye slaidi zako. Usiendelee kueleza aliipata wapi. Aliitoa kwenye mafaili ya madai ya bima na ripoti za viwanda, zile zinazoandikwa na wasimamizi wanaoeleza nani wa kulaumiwa. Waliokuja kuitafuta misingi ya hesabu yake miaka mingi baadaye hawakuyapata mafaili yenyewe. Kwa hiyo ripoti unayoiandika leo kabatini pako ina ukoo mrefu: wasimamizi waliandika uzembe, Heinrich akauhesabu, semina ikaufundisha, na wewe umeuandika tena.

Hapo mwongozo kwa afisa usalama umekwisha, na ninamtakia ukaguzi mwema. Nimebakiwa na neno kwa huyo mwingine, anayekaa safu ya nyuma ukumbini, ambaye karatasi itamfikia na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ndugu, saini yako ni mali, na humo ukumbini ndicho kitu pekee wanachokihitaji kutoka kwako. Usiitoe kwa sambusa. Kabla hujaandika jina, omba upelekwe unapofanyia kazi, uonyeshwe mashine yako inavyosimamishwa, na mlango wa dharura ukifunguliwa mbele ya macho yako. Omba foremani aseme mbele ya wote kwamba ukikataa kazi ya hatari hutafukuzwa. Wakikuonyesha, saini kwa mikono yako yote miwili. Wasipokuonyesha, andika jina lako na mbele yake uandike: "Sijaonyeshwa."